Ludwig Guttmann, Daktari wa Waliopooza



Ndugu msomaji, likizo ya mwaka jana nilifuatana na Paroko kupeleka Komunyo kwa wagonjwa wa kigango kimoja. Katika nyumba ya tatu tulimkuta kijana wa rika langu aliyeanguka kutoka juu ya mwembe miezi minne kabla. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Alikuwa amelala chali, na chumba kilikuwa na harufu ambayo wakati ule sikuijua maana yake. Paroko alimpa Mpako wa Wagonjwa, tukasali, tukaimba. Tulipotoka, mama yake alinivuta pembeni akaniuliza kama kuna jambo jingine analoweza kumfanyia mwanawe. Nilimwambia avumilie, aendelee na Rozari, mengine tumwachie Mungu. Alinishukuru sana.

Kijana yule tulimzika wiki ya pili ya Kwaresima. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimefika kwenye mfupa, na homa haikushuka tena. Baada ya mazishi, Sista mmoja ambaye ni muuguzi aliniuliza kijana alikuwa akigeuzwa kila baada ya saa ngapi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa swali kama hilo. Sista hakunilaumu, ila aliniambia nikasome habari za daktari mmoja anayeitwa Ludwig Guttmann. Makala hii imetokana na agizo lake.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, Silesia ya Juu, uliokuwa Ujerumani wakati huo. Leo unaitwa Toszek na uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alikulia Königshütte, mji wa viwanda na migodi ya makaa ya mawe, na huko mwaka 1917, akiwa kijana anayesubiri kuitwa jeshini, alijitolea kufanya kazi katika hospitali ya majeruhi wa ajali. Siku moja aliletwa mchimbaji, mwanamume mwenye nguvu zake, aliyevunjika uti wa mgongo mgodini. Alipooza miguu. Guttmann alipoanza kuandika maelezo ya mgonjwa huyo kwa bidii ya mtu mgeni wa kazi, aliambiwa asijisumbue, kwa maana mtu yule angekufa baada ya wiki chache. Wakamwekea pazia, wakamwacha. Wiki ya tano akafa, damu yake ikiwa imeingiwa na vijidudu kutoka kwenye vidonda na njia ya mkojo.

Mpaka uzee wake Guttmann aliendelea kumsimulia mchimbaji yule. Hakuna aliyemdhulumu, wala hospitali haikuwa na watu wabaya. Walijua tu, kama kila daktari wa zama hizo alivyojua, kwamba aliyekatika uti hana dawa. Na ujuzi huo ndio uliomuua.

Alisoma udaktari Breslau, kisha Freiburg, akahitimu mwaka 1924. Huko Freiburg alijiunga na chama cha wanafunzi wa Kiyahudi kilichotilia mkazo mazoezi ya mwili, ili vijana wao wasitembee wameinamisha vichwa mbele ya waliowachukia. Baadaye alirudi Breslau na kuwa msaidizi wa Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa ubongo na mishipa ya fahamu barani Ulaya. Alipofika umri wa miaka thelathini na ushee alikuwa anatibu, anafanya utafiti na kufundisha chuo kikuu. Njia yake ilikuwa imenyooka.

Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka, na madaktari Wayahudi wakafukuzwa katika hospitali za umma. Guttmann alihamia Hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, na wanaume Wayahudi wakaanza kukamatwa kwa maelfu. Guttmann aliwaagiza wafanyakazi wake kumpokea kila mwanamume atakayekuja hospitalini usiku ule, bila kumuuliza anaumwa nini. Walipokelewa 64. Asubuhi Gestapo walikuja wakitaka maelezo. Guttmann aliwazungusha kitanda hadi kitanda akieleza ugonjwa wa kila mmoja, na wengine aliwabunia ugonjwa palepale. Inasemekana alikuwa akiwakonyeza ili nao wakunje nyuso kama watu wenye maumivu makali. Kati ya wale 64, 60 waliepuka kukamatwa.

Wenzangu wa somo la maadili watauliza juu ya uongo ule. Tuliwahi kubishana nusu ya kipindi juu ya swali la namna hiyo, na mimi nilikuwa upande wa wakali. Sasa sina uhakika kama ningethubutu kubisha vile mbele ya wale watu 60.

Muda mfupi baadaye serikali iliyokuwa imemnyang'anya hati ya kusafiria ikamrudishia kwa siku chache, kwa sababu ilimhitaji: alitumwa Lisbon kumtibu rafiki wa Salazar, mtawala wa Ureno. Akiwa njiani kurudi alipita London, na huko shirika la kuwasaidia wanazuoni wakimbizi lilikuwa tayari kumpatia nafasi Uingereza. Mwezi Machi 1939 alifika Oxford na mkewe Else na watoto wao wawili. Mkuu wa Chuo cha Balliol aliwapokea nyumbani kwake.

Oxford alipewa kazi ya utafiti, wala si wagonjwa wa kuwatibu mwenyewe. Utafiti wake mmoja ulihusu jasho. Ngozi ambayo neva yake imekatika haitoi jasho. Basi Guttmann aliwapaka majeruhi unga unaobadilika rangi ukilowa, akawapasha joto, na mipaka ya ile sehemu kavu ikamwonyesha neva ipi imeharibika na ipi imeanza kupona. Kipimo hiki kilikuwa rahisi na kilisaidia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa kama mvuvi aliyekatazwa kwenda baharini.

Mwaka 1943 Uingereza ilikuwa inajiandaa kuvusha majeshi kwenda kuikomboa Ulaya, na ilijulikana wazi kwamba vijana wengi wangerudi na risasi mgongoni. Guttmann aliombwa aanzishe kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Alikubali kwa sharti moja: aachwe atibu kwa namna anayoiona yeye. Madaktari wenzake walimshangaa. Kwao ilikuwa ni kwenda kujizika pamoja na watu waliokwisha kufa. Inakadiriwa kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, wanane kati ya kila kumi waliojeruhiwa hivyo walikufa. Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944.

Hapa naomba msomaji avumilie maelezo ya mwili, maana sehemu hii ndiyo niliyoikosa siku ile kigangoni.

Anayekatika uti wa mgongo mara nyingi hafi kwa sababu ya uti wenyewe. Hufa kwa ngozi na kwa mkojo. Mimi na wewe tukilala tunajigeuza usiku kucha bila kujua, kwa sababu nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inalalamika, nasi tunaisikia hata usingizini. Aliyepooza haisikii. Damu haipiti pale palipobanwa, na baada ya saa chache nyama inaanza kufa: juu ya makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino. Kidonda kinaanza kama doa, kesho ni shimo, na vijidudu vinaingia kwenye damu. Upande wa pili, kibofu hakijui kujifungua, mkojo unabaki na kuoza, na maradhi yanapanda hadi kwenye figo.

Zamani wagonjwa hawa walikuja wakiwa wamefungwa plasta ngumu kiwiliwili chote, na ndani ya plasta ile vidonda vilikua bila kuonekana. Guttmann aliivua. Aliwalaza juu ya mito iliyopangwa ili mifupa isibane, kisha akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka zamu hata moja. Mwenyewe alikuwa akitokea wodini saa nane za usiku kuhakikisha. Kuhusu mkojo, alikataa kuwaachia kazi hiyo watu wasiofunzwa. Mwanzoni aliingiza mipira ya mkojo kwa mikono yake, kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Penisilini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupatikana, nayo ilisaidia sana, hilo lazima lisemwe. Lakini penisilini haimgeuzi mtu kitandani.

Niliposoma hapo nilisimama kusoma. Saa mbili. Hakuna mashine katika tiba hiyo, wala dawa ya bei kubwa. Mama yule aliniuliza kama kuna jambo jingine la kufanya, na jambo lilikuwepo. Angeliweza yeye, na binti zake, na jumuiya ndogo ndogo nzima wangeliweza kwa zamu, kama tunavyopanga zamu za kufagia kanisa. Injili ya Marko inawataja watu wanne waliombeba aliyepooza hadi wakamshusha kwa darini. Hao walimbeba mara moja. Stoke Mandeville walirudi kila baada ya saa mbili.

Katika falsafa tunafundishwa kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba roho si nahodha aliyepanda mwili kama jahazi. Mtu ni roho na mwili kwa pamoja, na roho peke yake bado si mtu mzima. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Kisha nikaingia chumba cha mgonjwa nikaihudumia roho tu, kana kwamba mgongo wake haunihusu.

Guttmann hakuwa mpole. Wagonjwa walimwita Poppa, yaani baba, lakini alikuwa baba wa fimbo: mkali kwa wauguzi, mgomvi kwa wasimamizi wa hospitali, asiyemruhusu mgonjwa kukaa akijihurumia. Wengi walilia kwa hasira siku za kwanza. Simwiti mtakatifu, alikuwa Myahudi, na sina haja ya kumbatiza baada ya kufa. Nasema tu kwamba ukali wake ulitokana na kuamini kwamba mtu aliye mbele yake ana miaka mingi ya kuishi, wakati kila mtu mwingine, pengine na mgonjwa mwenyewe, alikwisha kuihesabu siku kwa siku.

Na alichunguza. Alifuatilia kila mgonjwa, akaandika, akalinganisha, akachapisha. Mwaka 1947, pamoja na David Whitteridge, mtaalamu wa fiziolojia wa Oxford, alitoa utafiti juu ya kinachotokea kibofu kinapojaa kwa mtu ambaye uti wake umekatika sehemu za juu. Mgonjwa huyo hasikii kwamba kibofu kimejaa. Mwili wake, hata hivyo, unajibu: mishipa ya damu inajibana, shinikizo la damu linapanda ghafla, mapigo ya moyo yanapungua, kichwa kinauma kupita kiasi, na jasho linamtoka usoni na shingoni. Asipohudumiwa upesi mshipa unaweza kupasuka kichwani. Na huduma ya kwanza ni kumketisha, kisha kuangalia kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba. Kabla ya hapo nani angefikiri kwamba kichwa kinachopasuka kwa maumivu kinaweza kutibiwa kwa kunyoosha mpira ulio chini ya shuka? Anayemuuguza mtu wa namna hiyo nyumbani, tafadhali aikumbuke aya hii.

Waliobaki hai walihitaji sababu ya kuamka asubuhi. Guttmann aliwavalisha, akawakalisha, akawafundisha kupanda na kushuka kiti cha magurudumu. Wakapewa kazi: useremala, kutengeneza saa, kupiga chapa. Alipenda kusema kwamba anataka kuwafanya walipa kodi. Halafu ukaja mchezo. Siku moja aliwakuta wagonjwa wakikimbizana na viti vyao uani na kupiga kigae kwa bakora, akatambua kwamba mchezo unafanya kile ambacho mazoezi ya daktari hayafanyi: mtu anasahau kuwa ni tiba. Mchezo ule wa bakora ulikuwa wa hatari, ukabadilishwa kuwa netiboli ya viti. Upinde na mishale ulipendwa zaidi, kwa kuwa unaimarisha mabega na kifua, na kwa sababu aliyepooza anaweza kushindana na anayetembea bila kuonewa huruma.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann alifanya mashindano ya upinde kwenye nyasi za hospitali. Walishindana watu 16 waliopooza, wanaume 14 na wanawake wawili. Tangu hapo yakafanyika kila mwaka. Mwaka 1952 wakaja Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa.

Mwaka 1960 aliyapeleka Roma, mara baada ya Olimpiki ya mji huo. Walikuja wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23, na leo hiyo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nyumba walizopangiwa zilikuwa na ngazi, ikabidi askari wa Kiitalia wawabebe juu na chini. Dhahabu ya kwanza ya Uingereza ilichukuliwa na Margaret Maughan kwa upinde. Dada huyu alikuwa mwalimu Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland, na huko alipata ajali ya gari mwaka 1959 akapooza. Alirudishwa kwao, akatibiwa Stoke Mandeville, na mwaka uliofuata akawa Roma. Alikuwa amekwisha kupandishwa kwenye basi la kurudi malazini ndipo alipofuatwa na kuambiwa kwamba ameshinda.

Baada ya michezo, Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliwapokea wanamichezo wale Vatikani. Alimlinganisha Guttmann na Coubertin, Mfaransa aliyeifufua Olimpiki. Nimelitafakari tukio lile mara nyingi: mamia ya viti vya magurudumu mbele ya Papa, na watu waliovikalia hawakuja kama wagonjwa wa kuombewa. Walikuja wakitoka uwanjani.

Heshima zilifuata, nazo nitazipita haraka. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1966, na mwaka 1976 alipokelewa katika Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Alianzisha chama cha kimataifa cha madaktari wa waliopooza, akahariri jarida lao, na mwaka 1973 akachapisha kitabu kinene juu ya majeraha ya uti wa mgongo, matokeo ya karibu miaka thelathini wodini. Nadhani jambo lililomgusa zaidi ni jingine. Mwaka 1972 michezo yake ilifanyika Heidelberg, Ujerumani, nchi iliyokuwa imemfukuza na kuwaua watu wake. Miongoni mwa waliokuja kwa mara ya kwanza walikuwemo wanamichezo wa Kenya.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 1979, na tarehe 18 Machi 1980 akafariki akiwa na miaka 80. Mwaka ule Olimpiki ilikuwa Moscow, lakini Moscow haikutaka kuwapokea watu wenye ulemavu. Mwezi Juni michezo ikafunguliwa Arnhem, Uholanzi, bila yeye. Na mwaka 2012, Paralimpiki ilipofika London, aliyewasha mwenge uwanjani siku ya ufunguzi alikuwa Margaret Maughan, akiwa kwenye kiti chake, miaka 53 baada ya ajali ile ya Nyasaland.

Likizo ijayo nitapita tena kwenye nyumba ya mama yule. Sijui nitaanzaje. Sista amesema tutakwenda wote, kwa kuwa katika kigango hicho kuna mwingine, aliyepata ajali ya bodaboda mwezi wa nane, na ndugu zake bado hawajaonyeshwa jinsi ya kumgeuza.